Umechaguliwa kuongoza jumuiya: mwongozo kamili wa kumfuata Yesu ukiwa na daftari mkononi

Uchaguzi wa viongozi wa jumuiya kwa kawaida hauchukui muda. Mtu anatajwa, mwingine anaunga mkono, watu wanapiga makofi, na yule aliyekuwa akija kusali na kurudi zake nyumbani anatoka pale akiwa mwenyekiti, katibu au mtunza hazina. Hakuna aliyemweleza kazi inaanzia wapi. Kabla mwezi haujaisha ameshapokea bahasha za ahadi, ameitwa kuamua ugomvi wa majirani, na simu yake hailali.

Mwongozo huu ni wa mtu huyo. Nimeuandika nikiangalia jumuiya za Kilutheri za Tanzania, yaani vikundi vya majirani wanaosali pamoja nyumba kwa nyumba, ambako jumuiya kadhaa hufanya mtaa, mitaa hufanya usharika, na juu yake kuna jimbo na dayosisi. Mkatoliki anayeongoza Jumuiya Ndogo Ndogo, Mwanglikana, Mmoravian au Mpentekoste atabadilisha majina ya vyeo tu. Kazi yenyewe haitofautiani sana.

Kabla ya hatua yoyote, shika jambo moja. Marko anaposimulia jinsi Yesu alivyowaweka wale kumi na wawili, anataja makusudi mawili, na mpangilio wake una maana: "wapate kuwa pamoja naye, na kwamba awatume kuhubiri" (Marko 3:14). Kuwa pamoja naye kumetangulia kutumwa. Kiongozi wa kanisa anayeharibikiwa mara nyingi haanzi kwa kula sadaka. Anaanza kwa kugeuza mpangilio huo: kazi inakuja mbele, na Yesu anabaki kuwa ajenda ya kikao.

Hatua ya kwanza: omba muda kabla ya kukubali

Ukitajwa, sema asante na uombe wiki moja. Kuna watakaodhani unajishaua, waache. Katika wiki hiyo zungumza na mwenzi wako wa ndoa, kwa sababu ndiye atakayebaki na watoto jioni utakapokuwa kwenye kikao, na ndiye atakayefungua mlango saa nne usiku mtu akija kuleta habari za msiba. Asipokubali kwa moyo, usichukue kazi hiyo mwaka huu.

Kisha angalia madeni yako. Kama unadaiwa na mshiriki wa jumuiya hiyohiyo, au ulishika fedha za kikoba ambazo hesabu yake haijaeleweka, maliza hilo kwanza. Hutaweza kuwasomea watu mapato na matumizi huku mmoja wao akikutazama kwa jicho la "na zangu je?"

Soma pia 1 Timotheo 3 ukiwa na kalamu. Utaona kwamba karibu kila sifa inayotajwa pale ni ya tabia: kiasi, ukarimu, kutokuwa mgomvi, kutopenda fedha, kuisimamia nyumba yako vema. Ustadi unaotajwa ni mmoja, kujua kufundisha. Sisi huwa tunachagua kinyume chake, yaani anayeongea vizuri na mwenye gari. Kama umechaguliwa kwa sababu ya gari, ni vizuri ulijue hilo mapema.

Kukataa si dhambi. Kukubali kisha ukawa haupo kunaumiza jumuiya zaidi.

Hatua ya pili: weka saa yako na Bwana, na usiiuze

Mwaka 1535 Martin Luther alimwandikia kinyozi wake, Peter, aliyekuwa amemwuliza namna ya kuomba. Jibu lake lilikuwa refu, lakini kiini chake mtu yeyote anaweza kukitumia kesho asubuhi. Chukua amri moja kati ya zile kumi, au sehemu moja ya sala ya Baba Yetu, uipitie mara nne: inanifundisha nini, nashukuru kwa lipi, natubu lipi, naomba lipi.

Tuseme leo umechukua "Usimshuhudie jirani yako uongo", ambayo katika Katekisimo Ndogo ya Luther ni amri ya nane. *Inanifundisha nini?* Kwamba jina la jirani ni mali yake, na kwamba nisiishie kuepuka uongo tu, bali nimtetee na kulichukulia jambo lake kwa upande ulio mwema. *Nashukuru kwa lipi?* Kwa wale walionisitiri nilipokosea. *Natubu lipi?* Jana baada ya ibada nilisikiliza habari za binti wa Mama Fulani mpaka mwisho, nikatikisa kichwa kana kwamba nasikitika, kumbe nilitaka kujua zaidi. *Naomba lipi?* Nipate ujasiri wa kukatiza mazungumzo ya namna hiyo yakianza tena Jumamosi.

Hapo umeomba, na umeomba jambo linalohusu jumuiya yako bila kujificha nyuma ya maneno makubwa. Dakika ishirini zinatosha. Masharti ni mawili: iwe kabla hujafungua simu, na usiitumie saa hiyo kuandaa somo la jumuiya. Kiongozi anayesoma Biblia ili apate cha kuwaambia wengine tu ana njaa na hajui, kwa kuwa kila siku anashika chakula.

Na Jumapili keti ndani ya ibada. Wapo wazee wa kanisa ambao kwa miezi mingi hawajasikia mahubiri kamili, kwa kuwa muda huo wako ofisini wakihesabu au nje wakipanga viti. Pangeni zamu. Zamu yako isipofika, kaa kwenye benchi kama msharika mwingine na uende Mezani pa Bwana bila ufunguo wa ofisi kwenye mawazo.

Hatua ya tatu: tafuta mtu mmoja anayeweza kukuambia ukweli

Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioshika moto Gahini nchini Rwanda miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na upande wetu wa Bukoba, uliacha desturi ambayo wengi wetu tumebaki na nyimbo zake tu. Waliuita mwenendo huo "kutembea nuruni", kwa kufuata 1 Yohana 1:7. Ndugu walikutana katika vikundi vidogo na kutaja makosa yao kwa majina yake. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni mwaka 1977, alitoka katika mkondo huo.

Sikushauri uungame mbele ya jumuiya nzima. Toba ya hadharani mara nyingi humvua nguo na mtu mwingine ambaye hakuombwa ruhusa. Chagua mtu mmoja: wa jinsia yako, asiye ndugu yako wa damu, asiye chini yako kwenye uongozi, na ikiwezekana asali usharika mwingine. Kutaneni mara moja kwa mwezi, akuulize maswali ambayo hutayapenda. Umekuwa ukiomba? Una fedha ya nani mkononi? Nyumbani wanasemaje juu yako? Ni nani unamkwepa siku hizi? Unaangalia nini kwenye simu usiku?

Akikuuliza jambo ukakasirika, hapo pana kitu.

Hatua ya nne: zijue nyumba

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo nitakapokaa zaidi. Bruno Gutmann, mmisionari Mjerumani wa shirika la misioni la Leipzig aliyefanya kazi kwa Wachagga wa Old Moshi hadi 1938, alishikilia kwamba usharika ujengwe juu ya vifungo ambavyo watu tayari wanavyo: ukoo, ujirani na rika. Lakini katika jumuiya ya mjini, kama Mbagala, Kimara au Sakina, huna ukoo wa kuegemea. Nusu ya watu ni wapangaji, na kodi ikipanda wanahama. Kifungo kilichobaki ni ujirani, na ujirani wa mjini usipoutembelea kwa miguu, haupo.

Nunua daftari lenye jalada gumu. Kila kaya ipe kurasa mbili. Andika majina ya waliomo ndani, akiwemo dada wa kazi na mdogo wa baba mwenye nyumba aliyekuja kutafuta maisha. Andika namba za simu, nani amebatizwa, nani hajapata kipaimara, siku na saa wanazopatikana. Usiandike majibu ya vipimo vya mtu, usiandike mambo ya ndoa, usiandike deni. Daftari hupotea, hufunguliwa na watoto, na siku moja litakuwa mikononi mwa kiongozi mwingine.

Weka lengo la kufika kila kaya ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Anza na wasiokuja. Tabia yetu ni kwenda kwa walewale wanaotupokea kwa chai, huku mlinzi wa usiku, mama lishe na kijana wa bodaboda wakihesabiwa kuwa wamepoa, na kumbe ratiba yetu imewekwa saa ambayo wao wako kazini. Ukigundua kuna watu watano wa namna hiyo, tatizo si imani yao. Badilisheni saa, au wawekeeni kikundi chao siku nyingine.

Ziara ya kwanza ina sharti ambalo usilivunje: hakuna bahasha, hakuna mchango, hakuna karatasi ya ahadi. Watu wamezoea kwamba kiongozi wa kanisa akipiga hodi, kuna kinachodaiwa. Wengine huwaambia watoto waseme mama hayupo. Toa taarifa mapema kwa simu, epuka saa ya chakula, na usikae zaidi ya nusu saa. Kama mwenyeji ni mkubwa kwako, shikamoo kwanza na cheo chako baadaye. Uliza wanaendeleaje, uliza wanapatikana siku gani, na mwisho uliza: "Tuwaombee nini?" Kisha omba jambo hilohilo walilolitaja, kwa maneno machache, uondoke. Mwanamume asiende peke yake kwa mama anayeishi peke yake, wala mwanamke kwa baba wa namna hiyo. Nendeni wawili, hata wale sabini katika Luka 10 walitumwa wawili wawili.

Hitaji uliloambiwa nyumbani ni siri mpaka mwenyewe aseme vinginevyo. Nimeona jumuiya ikifa kwa sababu ya sala. Mtu alitaja hitaji lake kwa kiongozi, Jumamosi likaombewa kwa sauti na kwa jina, na kufikia Jumapili mtaa mzima unalo. Uliza waziwazi kabla hujaondoka: "Hili tuliombee jumuiyani au libaki hapa?"

Hatua ya tano: endesha ibada ya jumuiya kwa saa moja

Saa moja, isizidi. Watu wanaokuja saa kumi na mbili asubuhi wana kazi za kwenda, na wanaokutana jioni wana watoto wa kulaza. Mgawanyo unaofaa ni huu: wimbo na sala ya kufungua, dakika kumi; Neno na mazungumzo, dakika thelathini; maombi, dakika kumi; sadaka na matangazo, dakika kumi. Matangazo yawe mwisho kabisa. Yakitangulia yanameza kila kitu, na watu wanafikia Neno wakiwa wameshaanza kuwaza michango.

Kama usharika umetoa somo, lifuateni. Usihubiri. Mchungaji na mwinjilisti wanahubiri. Kazi yako ni kufanya watu walisome Neno na kulisema. Somo lisomwe mara mbili na watu wawili tofauti, mmoja wao kijana. Kaeni kimya dakika moja. Halafu uliza maswali matatu, usizidishe.

Chukua Marko 10:35–45 kwa mfano. Swali la kwanza liwe la kutazama maandiko tu: Yakobo na Yohana wanaomba nini hasa? La pili lichimbe: wale kumi walikasirika kwa nini, kwa kuwa ombi lilikuwa baya au kwa kuwa wamewahiwa? La tatu lishuke mpaka mtaani: ni nani anatutumikia hapa mtaani na jina lake hatulijui? Jumuiya ikishajibu hilo la tatu, ikamtaja mzoa taka na mlinzi wa geti, mstari wa 45 hauhitaji maelezo yako: "Kwa maana Mwana wa Adamu naye hakuja kutumikiwa, bali kutumika, na kutoa nafsi yake iwe fidia ya wengi."

Kila jumuiya ina msemaji mmoja asiyemaliza, na mara nyingi ni mtu mzima wa kuheshimiwa. Usimkatize mbele za watu. Mwone kabla ya ibada: "Mzee, leo naomba uniwekee neno la mwisho la dakika tatu, tufunge nalo." Amepewa heshima, na muda umelindwa. Wapole nao wasiitwe ghafla; mnong'oneze Mama Fulani mapema kwamba utamwuliza.

Halafu kuna suala la chai. Ibada inazunguka nyumba kwa nyumba, wiki hii wametoa chai na maandazi, wiki ijayo chapati na supu, na baada ya miezi miwili wenye chumba kimoja wanaanza kuomba zamu yao irukwe kwa kuwa "kuna mgonjwa". Hakuna mgonjwa. Pitisheni kanuni kwamba kila nyumba ni maji ya kunywa tu, na anayezidi anakosea. Mwenye nyumba kubwa ndiye awe wa kwanza kuifuata.

Hatua ya sita: fedha zisipite mikononi mwa mtu mmoja

Paulo alipokuwa akikusanya msaada kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu hakutaka kuaminiwa tu. Alituma watu pamoja na Tito, na akaeleza sababu katika 2 Wakorintho 8:20–21: asiwepo wa kuwalaumu, mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu. Ikiwa mtume alihitaji mashahidi, na sisi tunahitaji.

Sadaka ihesabiwe palepale, watu wakiwepo, na watu wawili wasio wa nyumba moja. Kiasi kiandikwe kwenye kitabu kwa wino, wote wawili watie sahihi, kisha kitangazwe kabla ya kutawanyika. Fedha za usharika zipelekwe Jumapili inayofuata na risiti ibandikwe kitabuni. Fedha inayobaki jumuiyani, mfuko wa rambirambi na wagonjwa, isikae kwenye laini ya simu unayotumia kununulia umeme wa nyumbani. Kama mnatumia simu, sajilini laini yake peke yake: mmoja akae na simu, mwingine ajue namba ya siri, na taarifa ya miamala isomwe kila mwezi.

Usikopeshe mfuko. Usimkopeshe hata mwenyekiti, hata mwenye mgonjwa. Kama mna nia ya kusaidia, toeni msaada kwa uamuzi wa kikao na uandikwe kuwa ni msaada. Mkopo wa mfuko wa jumuiya una tabia ya kuiondoa familia kanisani, kwa maana anayedaiwa anaanza kuona aibu kuja.

Na jambo ambalo litaleta ubishi: msisome majina ya watu na kiasi walichotoa. Najua inaongeza makusanyo. Najua pia mjane aliyesomewa shilingi mia tano mbele ya jirani yake hataitoa tena. Bwana aliketi kulielekea sanduku la hazina, akamwona mjane, na hakumtaja jina.

Hatua ya saba: ugomvi, na ule usio wako kuusuluhisha

Ugomvi mwingi wa jumuiya ni mdogo: mpaka wa ua, mtoto aliyepigwa, deni la mchezo wa upatu, maneno yaliyosemwa kwenye msiba. Mathayo 18:15 inatoa mahali pa kuanzia: "enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu, akikusikia, umempata nduguyo." Kwa hiyo mtu akija kwako kumshtaki mwenzake, swali lako la kwanza ni: "Umeshamwambia yeye?" Kama bado, mrudishe kwa upole. Akishindwa, nenda naye pamoja na mtu mmoja mwingine. Ikishindikana, pelekeni kwa mzee wa mtaa na mchungaji. Usiruke ngazi, na kamwe usianze na kundi la WhatsApp. Kundi hilo liwe la ratiba, wagonjwa na misiba tu. Mtu akiandika jambo la kumchoma mwenzake, mpigie simu muda huohuo badala ya kumjibu kwa maandishi.

Lakini kuna mambo ambayo ukijaribu kuyasuluhisha utakuwa umeshiriki uovu. Mwanamke anayepigwa nyumbani, mtoto aliyeguswa vibaya, binti wa shule aliyepewa mimba: hayo hayamalizwi kwa kikao cha wazee, wala kwa kumwambia mama avumilie na kuomba. Mpeleke mhusika hospitali na kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Kwa mtoto unaweza pia kupiga 116, haitozwi. Mjulishe mchungaji, ila usisubiri kibali chake. Kama mtuhumiwa ni kiongozi wa kanisa, hatua ni zilezile.

Hatua ya nane: msiba

Hapa ndipo watu watakupima, wapende wasipende. Ukipata taarifa, nenda kwanza, piga simu za wengine baadaye. Ukifika, kaa. Usichukue uongozi wa shughuli kutoka kwa familia na ukoo. Uliza msemaji wa familia ni nani, na kila jambo la kanisa lipitie kwake. Kazi za jumuiya ni za kawaida: viti na turubai, maji, kuni, wapishi, ibada ya jioni, taarifa kwa mchungaji, na mtu wa kuandika rambirambi akiwa na mwanafamilia pembeni yake.

Baada ya kuzika, watu wanatoweka. Andika tarehe ya wiki ya tatu na ya mwezi wa tatu kwenye daftari lako, na siku hizo nenda tena bila ibada wala wimbo. Wafiwa wengi huanza kulia wakati huo.

Hatua ya tisa: elewana na mchungaji wako

Mpe taarifa fupi ya maandishi kila mwezi: waliohudhuria, wagonjwa, wahamiaji, mapato. Usimfiche habari mbaya. Mkipishana, semeni kwenye kikao. Nje ya kikao usimjadili, hasa na wale wanaokuja kwako wakisema "wewe ndiye ungefaa". Jumuiya inayokupenda kuliko inavyoupenda usharika imeshaanza kuwa kanisa lako, na Petro alishaonya juu ya wazee "wajifanyao mabwana juu ya mitaa yao" (1 Petro 5:3).

Hatua ya kumi: walee wengine tangu mwaka wa kwanza

Yethro alimtazama mkwewe Musa akiamua kesi tangu asubuhi hadi jioni, akamwambia, "Jambo hilo ufanyalo si jema. Hakika utadhoofika wewe, na watu hawa walio pamoja nawe pia" (Kutoka 18:17–18). Tazama kwamba watu nao wanadhoofika. Kisha akamshauri aweke wakuu wa maelfu, mamia, hamsini na kumi, mpangilio ambao Mtanzania aliyekua na balozi wa nyumba kumi hahitaji kuchorewa.

Chagua watu wawili, mmoja awe kijana. Mwezi wa kwanza wanakuja nawe kwenye ziara wakitazama. Miezi miwili inayofuata mnagawana: yeye anauliza maswali ya somo, wewe unaomba. Kisha anaongoza yeye nawe umekaa nyuma, na mkitoka umwambie faragha jambo moja alilofanya vizuri na moja la kurekebisha. Moja tu. Baada ya hapo, safiri au kaa nyumbani Jumamosi moja, usipige simu kuuliza imekwendaje.

Ataharibu. Yohana Marko aliwaacha njiani Paulo na Barnaba, Paulo akakataa kwenda naye tena, Barnaba akamchukua. Miaka baadaye Paulo mwenyewe anaandika aletwe, kwa maana anamfaa kwa utumishi. Mtu wa aina ya Barnaba ni adimu katika vikao vyetu vya uchaguzi, na bado ndiye aliyemleta hata Paulo kwa mitume wakati wote walipomwogopa.

Kanisa letu lina sababu yake ya kulijali hili. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wamisionari wa Kijerumani walipoondolewa nchini mwaka 1920, sharika za Kilimanjaro zilibaki mikononi mwa walimu na wazee wenyeji, na mwaka 1940 hali hiyo ilirudi. Waliosimama wakati huo walikuwa wameshazoea kusoma, kufundisha na kuzika bila kumsubiri mtu.

Hatua ya kumi na moja: kabidhi

Kipindi chako kikiisha, usigombee tena kwa sababu tu hakuna aliyenyoosha mkono. Kama ulifuata hatua ya kumi, wapo wawili.

Kabidhi kwa maandishi, mbele ya jumuiya na mzee wa mtaa: daftari la kaya, kitabu cha fedha na risiti zake, salio lililohesabiwa siku hiyo, laini ya simu, mihuri kama ipo, vyombo na viti vya jumuiya kwa idadi, na uongozi wa kundi la WhatsApp. Halafu fanya alilofanya Samweli alipozeeka, katika 1 Samweli 12:3: waulize watu wote umetwaa ng'ombe wa nani, umemdhulumu nani, umepokea rushwa kwa nani. Uliza kwa lugha yako, na ukae kimya muda wa kutosha mtu kunyanyua mkono. Akinyanyuka mmoja, lipa au omba radhi hapohapo, katibu aandike.

Wiki inayofuata nenda jumuiyani mapema, keti mahali popote isipokuwa kiti ulichokizoea, na kwa miezi mitatu usitoe ushauri usioulizwa.